Mama Mkwe Ameshaniandalia Chumba

Admin, naomba unifichie jina maana mume wangu anafuatilia ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka 28, naishi Nyasho hapa Musoma, nakaanga samaki na kuuza jioni. Nina mtoto mmoja, na wa pili yuko karibu kuzaliwa.

Kinachoninyima raha ni uzazi uliopita. Mume wangu alinipeleka kwao Butiama, mama yake anilee. Na kweli alinilea. Huyu mama hana ubaya hata kidogo, msije mkamtukana. Nilikunywa uji wa ulezi na mchuzi wa samaki sato mpaka nikakinai. Ila kwao mzazi anakaa ndani, dirisha limefunikwa, wageni hawaingii mpaka mtoto apate nguvu. Hata kufua nepi sikuruhusiwa.

"Wewe lala tu, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Sisi wote tulikaaga humo humo."

Nikalala. Mwanzoni nilifurahia. Baadaye nikawa nalia bila sababu, chakula hakipiti, usingizi hauji. Ikafika siku mtoto analia pembeni yangu, nami namsikiliza kama mtoto wa jirani. Sikumgusa. Mama alikuja mbio, akadhani nimepitiwa na usingizi, nikamwacha aamini hivyo. Nafuu niliipata niliporudi Musoma kwenye karai langu, nikapiga soga na wateja na wenzangu. Sikumwambia mtu.

Safari hii nimemweleza nesi wa kliniki. Hakunishangaa. Alisema hali ile inaweza kurudi, kwa hiyo tusiisubiri: nisifungiwe peke yangu, niwe na mtu wa kuongea naye, nitoke nje, na nikiona dalili nimwone mapema. Dada yangu yuko Bunda, ananiambia niende hata kesho. Kwake watoto wanaingia na kutoka kutwa nzima mpaka mlango umeshindwa kufungika. Ndiyo nyumba ninayoitaka.

Nikamgusia mume wangu, akacheka. "Mama watoto, mbona uko mzima? Unautafuta ugonjwa ambao haujaja?"

Nikamwambia ndiyo maana naomba sasa hivi nikiwa mzima, kwa sababu ugonjwa ukinikuta mle ndani sitakuwa na nguvu ya kuomba. Akasema mama yake ataona tumemdharau.

Jana mama mwenyewe alipiga simu, ana furaha. Chumba amekisiliba upya, na amenunua pazia zito kuliko lile la kwanza. "Safari hii mwanga hautakusumbua kabisa, mwanangu." Nikasema asante mama. Naogopa, sitaki kuwaficha.

Ndugu zangu, hasa mliowahi kupitia hali hii, nishaurini kabla sijafungashiwa mizigo. Nimwambieje mama anayenipenda hivi kwamba siku ile sikuwa nimelala?