Mshumaa wa Ubani

Mama alikuwa na kidonda cha kisukari mguuni, na kilichomtesa kuliko maumivu ni harufu. Akajifungia chumbani kwake hapa Masasi, akakataza wageni. Hata shoga yake, jirani yetu aliyechezwa naye unyago, akija anaishia ukumbini. "Mwambie nimelala," Mama ananinong'oneza, macho kodo. Yule mwanamke anaondoka kinyonge. Iliniuma sana, na mimi kitu kikiniuma sikai kimya. Nagomba, au natafuta kazi ya mikono.

Safari hii nikatengeneza mishumaa ya kufukuza ile harufu. Nilijifunza kwenye simu. Nta ya nyuki nilinunua sokoni, nikaiyeyusha kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, utambi nikasokota kwa uzi wa pamba, nikamimina kwenye glasi kuukuu za chai. Wa kwanza niliutia mchaichai. Mama akanusa, akauliza kama leo ni yeye anayechemshwa chai. Wa pili nikautia karafuu. Akasema sasa chumba kinanukia kama mtu anayeumwa jino. Mgonjwa gani huyu mwenye maneno, jamani. Nikanuna, na huku nampenda hivyohivyo.

"Tia ubani," akasema. "Kitu cha maana."

Nikautwanga ubani, nikautia mwingi, kwa hasira. Mshumaa ule haukuwaka kistaarabu. Ulitatarika, ukafuka moshi, nikafungua dirisha, na harufu ikatoka mpaka barabarani. Mama akavuta pumzi, akasema sasa ndiyo. Mimi nikaenda zangu uani kusugua masufuria yenye nta.

Sikufikiri hata kidogo. Kwetu, nyumba yenye mgonjwa wa muda mrefu ikifuka ubani mchana kweupe, na hakuna maulidi wala hitima, watu hawaulizi. Hata mchango wa msiba wenyewe tunauita ubani. Nilipoinua kichwa, wanawake walikuwa wanaingia uani, kanga kichwani, mmoja kabeba mkeka wake kabisa. Shoga yake Mama alikuwa mbele. Akanikumbatia na mikono yangu ya sabuni, akaangua kilio. "Kaenda bila kuniaga. Kaenda sijamwona."

Sauti ikatoka dirishani. "Nani kafa?"

Mwenye mkeka akakaa chini bila kuutandika. Mimi kicheko kilinibana mpaka mbavu zikaniuma, na machozi yakawa yananitoka kwa wakati uleule, maana nilijua Mama amesikia kilio chote.

Shoga yake hakucheka. Alinipita, akaenda mpaka mlango wa chumbani, akausukuma bila kubisha hodi. Nikamfuata mbio, nikijua Mama atakasirika.

"Umeniliza kilio cha maiti isiyokuwepo," akamwambia, uso bado umelowa. "Kosa langu nini, mpaka unifungie mlango?"

Mama alivuta shuka mpaka kiunoni. Akatazama ukutani.

"Nanuka," akasema.

"Basi nuka. Sogea huko nikae."

Mama akasogea. Shoga yake akapanda kitandani, akaunyanyua ule mguu wenye kidonda kwa mikono miwili, taratibu, akauweka mapajani mwake.