Nasr, Mbwa Watatu na Boti ya Mferejini

Mume wangu Nasr ni mtu mwadilifu. Muulize yeyote anayesali naye Bawshar, Maskati, atakwambia. Ana wake wawili, mimi Mwanamize na mwenzangu Wadha, na tangu amuoe Wadha hajapata kumzidishia huyu usiku wala kumpunguzia yule. Akilala kwangu Bawshar leo, kesho yuko kwa Wadha mtaa wa Hail, keshokutwa karudi. Gunia la mchele likiingia kwangu, na Hail linaingia gunia. Mwaka mmoja alimnunulia Wadha zulia, na mimi akaniletea lilelile, rangi ileile, ingawa chumba changu ni kidogo na ikabidi zulia likunjwe upande mmoja. Mgeni akiingia hujikwaa. Uadilifu hauangalii ukubwa wa chumba.

Kazi yake ilikuwa wizarani, kule Maskati ya zamani, mpaka alipostaafu. Alipokea majalada kwa mtu huyu na kuyafikisha kwa mtu yule. Kazi hiyo ilimfunza kwamba ombi halikataliwi. Anayekataa hulaumiwa, lakini anayechelewesha, nani atamlaumu? Kwa hiyo mimi katika ndoa yangu sijapata kukataliwa kitu.

Mama yangu yuko Wete, Pemba. Nilipoolewa nikaletwa Maskati, nimerudi kumwona mara mbili tu. Baba alipokuwa mgonjwa niliomba izni ya kwenda, Nasr akasema joto likipungua. Baba hakungoja joto lipungue. Alizikwa nikiwa Bawshar nakata vitunguu. Kisha dada yangu akanipigia simu kuwa macho ya mama yanaondoka. Nyuso hazitambui tena, ila umbo la mtu akisimama mlangoni bado analiona. Nikaomba tena. Nasr akasikitika sana, akamwombea dua ndefu, akasema baada ya Ramadhani. Ramadhani ikaisha, akasema baada ya Idi Kubwa.

Binti yetu Rawan, anayefanya kazi benki, aliniambia, "Mama, tiketi nnakukatia mimi, wewe nenda tu." Watoto wa siku hizi wepesi. Mimi nimelelewa kwamba mke hapandi ndege bila ya izni ya mumewe, na sikutaka kumfikia mama yangu nikiwa na laana begani. Nasr malezi yangu anayajua vizuri. Ndiyo maana hakuwahi kuhangaika kunifungia mlango.

Sasa Wadha. Yeye katoka Sharqiya, kwa watu wa jangwani, wafugaji wa ngamia na mbwa wa kuwinda. Alikuja Hail na mbwa watatu wa aina ya saluki, wembamba, warefu, masikio yameteremka manyoya kama nywele za bibi harusi. Wanaitwa Barq, Shihab na Ghazala.

Nieleze kwanza habari ya Nasr na mbwa. Miaka ya mwanzo ya ndoa yetu, tukikaa Ruwi ghorofani, niliweka sufuria ngazini ipoe, mbwa wa mtaani akatia mdomo. Sufuria ile mama alinipa siku niliyoondoka kwetu. Nasr alinisimamia niioshe mara saba, mara moja kwa udongo, na udongo wenyewe nikashuka kuutafuta chini ya mwarubaini, nna mimba ya Rawan. Nikaosha mpaka sufuria ikang'aa kama siku iliyonunuliwa. Akaitazama, akasema roho yake bado haikubali, akaitupa.

Basi siku niliyokwenda Hail kumpa mkono Wadha, nilimkuta bwana yuleyule kakaa kwenye busati, Barq kamlalia mapajani, anamlisha nyama kwa vidole. Aliona namtazama, akanifafanulia. Saluki si mbwa, alisema. Waarabu wa jangwani hawamwiti mbwa, wanamwita hurr, yaani aliye huru, na mawindo yake ni halali. Nikamuuliza Barq kawinda nini pale Hail, kati ya duka la dawa na mahali pa kuoshea magari. Akasema hilo ni suala la asili, si la kazi. Nikarudi nyumbani nimeelimika. Kumbe najisi nayo inatazamwa ukoo.

Safari ya boti ilianzia kwenye simu ya Wadha. Aliona picha ya mama wa Kiingereza kakaa juu ya boti nyembamba, ndefu kama behewa la treni, mbwa wake pembeni, wanapita polepole kwenye mfereji katikati ya mashamba. Uingereza walichimba mifereji zamani ya kupitishia makaa ya mawe na mizigo. Sasa mizigo inapita barabarani, na mifereji wameachiwa watu wa likizo. Unakodi boti, unalala humo, unapika humo, unaiendesha mwenyewe, na mtu anayetembea ukingoni kwa miguu anakupita. Nilipoelezwa nilifikiri wanasema falaj, ule mfereji wa kumwagilia mitende, nikashangaa boti itapitaje humo. Rawan akanionesha kwenye simu. Falaj yenyewe, ila imenenepa.

Wadha alisema anataka, na mbwa waende. Hapo nikamwona Nasr ambaye sijapata kumjua. Boti nyingi haziruhusu mbwa zaidi ya wawili. Akatafuta, akapiga simu, akaomba, mpaka akapata wanaokubali watatu. Mbwa wakapelekwa kwa daktari wa wanyama, wakatiwa chipu chini ya ngozi, wakachomwa sindano, damu yao ikapelekwa Ulaya kupimwa, kisha ikabidi kungoja miezi ndipo waruhusiwe kuingia. Nasr akangoja nao. Hakuna mbwa aliyeambiwa joto likipungua. Akawaagizia na makoti ya kuelea, mekundu, yenye mshikio mgongoni, mbwa akitumbukia majini unamnyanyua kama kikapu.

Mazoezi ya uendeshaji aliyafanya kwangu. Boti zile hazina usukani wa mviringo. Zina mkono mrefu nyuma, na ukitaka boti iende kulia unausukuma kushoto. Basi zamu yangu ikifika, bwana anasimama nyuma ya kochi majlisini, kashika fimbo ya ufagio, anasukuma kushoto huku macho yanatazama kulia. Tena kuna milango ya maji. Boti inaingia kwenye sanduku la mawe, mlango wa nyuma unafungwa, maji yanajazwa, boti inanyanyuka mpaka ilingane na mfereji wa juu, kisha unafunguliwa wa mbele. Mtu mmoja lazima ateremke kuifungua na kuifunga kwa kuisukuma kwa mgongo. Katika mazoezi, mlango nilikuwa mimi. Nikifungua mikono, anapita. Nilimuuliza kwa nini hafanyi hayo na Wadha, ambaye ndiye atakayesukuma. Akasema Wadha akisimama sana anachoka.

Lakini mtu mwadilifu ana shida yake. Mwenye wake wawili hasafiri na anayempenda zaidi. Hupiga kura, na iliyemwangukia ndiye anayekwenda, isipokuwa mmoja aridhie mwenyewe kubaki. Hukumu hiyo Nasr kaisomesha watu wengi barazani kwake. Kwa hiyo Ijumaa moja baada ya sala alikuja Bawshar na Wadha, akamleta na dada yake mkubwa, wifi yangu Hasina, awe shahidi. Nikaweka kahawa na halua. Alikuja na ridhaa yangu kaiandaa, imebaki mimi kuitamka. Alieleza kuwa mimi mbwa siwawezi, baridi siiwezi, Kiingereza sikijui, na kwamba yeye kwa kunihurumia hataki kunitia mashakani. Niseme tu kuwa nimeridhia.

Boti sikuitaka. Lakini katika miaka yote ile sikupata kushika mkononi kitu ambacho Nasr anakihitaji, na sasa nilikiona mbele yangu. Idi Kubwa imeshapita; kura ikinitupa, nimerudi pale pale pa kungoja Idi nyingine. Ikiniangukia, basi nna neno la kuuza.

"Tupige kura," nikasema.

Wadha alikubali kwa kichwa. Kwao pia ndivyo wanavyofanya. Nasr akavua kofia yake. Mimi nikatia tasbihi yangu nyeusi, Wadha akatia yake nyeupe. Wifi Hasina akageuza uso ukutani, akaingiza mkono, akapekua kama anayechagua dagaa, akatoa nyeusi.

Nasr akasema alhamdulillahi, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa gari lake limegongwa. Kisha akaanza kunieleza hiyo boti. Ndani yake watu wawili hawapishani mpaka mmoja ajibane ukutani. Choo kina tangi la kwenda kumwagwa na mwenyewe. Mvua hainyamazi. Ya kutisha yote alikuwa nayo tayari, na miezi yote ile hakumtajia Wadha hata moja. Nilimwona mwenzangu anasikia habari ya choo kwa mara ya kwanza. Kisha Wadha akasema kwa Kiarabu, kwa utulivu, kwamba kura ni kura, yeye hana neno, ila mbwa wake hawapandi chombo bila yeye.

Hapo Nasr akapiga hesabu yake, na mimi nikaiona ikipita usoni. Boti imekwishakodiwa. Mbwa hawapo. Wadha hayupo. Ndani ya sanduku lile lefu, kwenye mvua, ni yeye na mimi. Sijapata kumwona mtu akaiogopa likizo namna ile.

"Mize," alisema taratibu, kwa Kiswahili, "nipe ridhaa yako. Nnakuomba."

"Nnakupa," nikamjibu, kwa Kiarabu, ili Wadha asikie. "Na wewe nipe izni ya kwenda kwa mama."

"Inshallah, tukisharudi tu..."

"Basi nitakwenda nawe. Milango nnajua kufungua, umenifundisha mwenyewe."

Wifi Hasina akacheka ndani ya mtandio. "Mdogo wangu," akamwambia, "mpe mtu mama yake."

Wadha akamuuliza tangu lini naomba. Nasr akasema si zamani sana. Nikamwambia Wadha, naomba tangu kabla yeye hajaolewa. Mwenzangu huyo sina sababu ya kumsifu, na simsifu, lakini aliweka kikombe chini akamtazama mumewe kama anavyotazamwa mbwa aliyekojoa juu ya busati. Akasema wale mbwa wamengojewa miezi, na yeye aliiona mingi.

"Nimekupa izni," Nasr akasema. "Nenda ukamwone mama yako."

Wifi Hasina akasema amesikia. Wadha akasema amesikia. Nikampigia simu Rawan palepale, na tiketi ilipatikana kabla kahawa haijapoa. Mimi nikawa wa kwanza kuondoka Maskati. Boti yao ilikuwa bado.

Wete nilifika mchana. Mama alikuwa kakaa barazani kwenye jamvi. Nilisimama mbele yake, nikangoja. Aligeuza uso kidogo, kama anayesikiliza, akauliza, "Nani?"

Nikasema ni mimi, Mwanamize. Akanikamata uso kwa mikono miwili, akaupapasa taratibu, paji, mashavu, kidevu, akasema nimekonda, au mikono yake ndiyo imezeeka. Dada yangu alinivuta pembeni jioni. Umbo la mtu mama alikuwa akiliona mpaka Idi Kubwa, alisema. Baada ya hapo amebakiwa na mwanga wa dirisha tu. Idi yenyewe ndiyo ile niliyoambiwa ningoje ipite.

Nasr alipiga simu kutoka mferejini. Mvua niliisikia ikipiga juu ya bati. Boti ilikuwa imekwama kwenye matope, na waliokuwa wakitembea ukingoni walisimama kuwatazama. Shihab kahara kitandani. Ghazala katumbukia majini mara kwa mara, mshikio ndio uliomwokoa. Wadha kafungua milango siku moja, ya pili kakaa ndani, kasema kwao ngamia ndio wanaosukuma vitu. Nasr alikuwa akiendesha, anateremka, anafungua, anapanda, anapita, anateremka tena kufunga. Akaniuliza kama nakumbuka ule mkono, ukisukumwa kushoto boti inakwenda wapi. Nikamwambia mimi nilikuwa mlango, habari za nyuma sizijui.

Waliporudi Maskati akapiga tena. Nilikuwa barazani namchana mama nywele.

"Tumesharudi," alisema. "Zamu yako imeanza tangu juzi. Unakuja lini?"

"Izni yako haikutaja siku."

"Mwanamize, mimi nna nyumba mbili. Haki nitaigawaje na nyumba moja tupu?"

"Zamu zangu nnampa Wadha. Mke kumpa mwenzake zamu inajuzu, umeisomesha mwenyewe barazani."

Mama akauliza nani huyo. Nikamwambia ni mume wangu. Akauliza kama mzima. Nikasema mzima, ana wa kumlinda watatu. Mama akamwombea dua, kwa sababu yeye ni mtu mwema na hamjui.

Adhana ya alasiri ikaanza. Nasr alikuwa keshaingia kwenye haki za mume, anazihesabu moja moja kwa hoja zake. Nikaiweka simu juu ya jamvi, yeye bado anasema, nikamnyanyua mama kwa mkono nikampeleka kutia udhu.