Matawi ya Kahawa

Shamba letu la kahawa liko Mbozi, limepakana na barabara kuu itokayo Dar es Salaam hadi Tunduma na kuingia Zambia. Lori likiharibika hapo, dereva hukata matawi na kuyatandaza kwenye lami nyuma yake, ili anayekuja apunguze mwendo. Mama aliyachukia matawi hayo kwa kuwa yalikuwa yake: kando ya barabara palishafyekwa, na miti ya karibu ni mibuni yetu.

Asubuhi moja ya ukungu, lori lililobeba shaba lilikwama mbele ya shamba. Kahawa ilikuwa imeanza kuiva. Mama akanituma nikamzuie dereva. Njiani nilipanga namna ya kuanza, nikaifuta, nikapanga nyingine. Nina shahada ya sheria na huu ni mwaka wa pili sina kazi. Nilipomkuta ameshika panga, nikajificha nyuma ya sheria: nikamwuliza pembetatu zake za tahadhari ziko wapi.

Akasema ziliibwa kwenye foleni ya Tunduma. Akaomba matawi matatu tu.

"Hii ni mali ya mtu," nikamwambia. "Ukikata, nakushtaki."

"Sawa, mheshimiwa wakili," akasema, akirudisha panga. "Na ukungu nao utaushtaki?"

Akang'oa nyasi kavu, akaziweka barabarani. Malori mawili yakapita, upepo wake ukazipeperusha. Niliona nikiwa nimeshaanza kurudi nyumbani. Nikawaza nirudi nimwambie achukue matawi, kisha nikawaza ataniona sina msimamo, kisha mama atasemaje. Nilikuwa bado nawaza niliposikia kishindo.

Alikuwa jirani yetu, mtu mzima anayeendesha bodaboda. Alikuwa amelivaa tela kwa nyuma. Nilimfunga mguu kwa khanga ya mama, aliyekuja mbio, nikasimamisha gari likampeleka hospitali. Mguu ulikatwa chini ya goti. Askari alipomhoji dereva, alieleza yote isipokuwa habari zangu. Nilikuwa nimesimama palepale, na sikuongeza neno.

Kahawa ya mstari ule wa kando ya barabara tuliivuna yote.

Jumapili moja baada ya ibada, jirani akaniita mbele ya watu, akiwa ameegemea magongo.

"Mwanangu, bila wewe ningefia pale barabarani. Mungu akupe kazi."

Watu wakaitikia amina. Mama naye aliitikia, kwa sauti ndogo, akitazama chini. Nikampa jirani mkono, nikamwambia asante, baba.