Ndege ya mu Saa ya Tata

Siku tata, baba yetu, alitoka mu kazi kwa uzee, kampani ilimupa saa ya mbao ya kutundika ku mur ya salon. Juu yake kulikuwa kamulango, na mu kamulango ndege mudogo mwenye alikuwa anatoka kulia 'kuku, kuku' kila saa. Chini minyororo mbili, kila moja na chuma muzito wa kuikokota. Maisha yote mu mine, mu shimo ya shaba, mwisho yake ndege ya kijiti. Lakini tata alimupenda ule ndege kuliko sisi batoto. Bajirani ba Musonoi, mutaa yetu ya Kolwezi, balikuwa banakuya kumungojea, banakaa kimya mu salon sawa ku kanisa.

Vita ikakuya, tukakimbia upande wa Mutshatsha, saa ku kichwa ya mama. Tuliporudia, chuma moja ilikuwa imepotea mu njia. Tata akatosha musalaba ya mukuba, ya shaba, ile nkambo, babu yake, aliyeyusha mu pori, ya wakati balikuwa banaoa nayo bibi, akaifunga ku munyororo. Ilikuwa nzito mbaya. Ndege alilia siku kidogo, kisha mu tumbo ya saa kitu kikakatika: kraa! Akanyamaza.

Mi sikumaliza secondaire, lakini moteur ya mamashini niliijua, njo kampani ikanituma stage, kujifunza kazi ku Bulaya. Tata akafunga saa na musalaba yake mu kitambaa ya mama.

"Kule njo banazitengenezaka. Usirudie kama ndege hajalia."

Kitu ingine hakuagiza, hata shati.

Jumapili moja balitupeleka na bisi mu ule muji ya masaa. Iko mu pori, miti myeusi mpaka juu ya mulima, na kila nyumba ni duka, na mu kila duka bandege banapiga kelele sawa bamama ku soko. Batouristes bamejaa. Mi na abacost yangu, koti ya mikono mifupi, baridi inaingia ndani bila kupiga hodi.

Muzee ya duka alijua Kifaransa. Akafungua saa, akaona gurudumu yenye meno imevunjika, akaona musalaba. Akacheka mpaka machozi. Akaita batouristes: "Kuyeni muone kitu Bafrika bamefunga ku saa!"

Bakatosha baappareil ya foto. Na mi, mupumbavu, nikasimama muzuri, nikainua musalaba, nikaonyesha meno yote. Bakacheka, nikacheka. Musonoi bananijua mi mutu ya kuchekesha. Pale nilikuwa ndege yenyewe, kamulango tu kalikosa.

Batu balipotoka, muzee akasema pole pole: "Monsieur, hii saa si ya mukono. Ni ya usine, ya mashine, ya bei ya chini. Bakubwa ba makampani banazinunuaka mu carton, banagawia bafanyakazi." Akapima musalaba mu mukono. "Lakini uniachie hii, nitatia gurudumu mupya leo leo."

Nikakatala. Kitu ya nkambo! Nikatoka na saa mu kwapa, kichwa juu, sawa mutu mwenye ameshinda.

Kolwezi, tata alinipokea na shati ya kanisa. Bajirani balikuwa bamekaa tayari. Nikaeleza yote, hata mafoto, sababu mafoto ilikuwa ya kuchekesha. Hakuna mwenye alicheka.

"Alitaka musalaba tu?"

"Ndiyo, tata. Nikamukatalia!"

"Mukuba?" Akanyoosha mukono upande wa shimo ya mine, kule nyuma ya manyumba. "Mukuba iko mpaka chini ya matako yako, baba! Ndege njo hatuna!"

"Tata, ile saa ni ya bure. Balizinunua mu carton."

Bajirani bakaangalia chini. Tata akakaa. "Carton," akasema. "Mi nami, carton."

Kesho yake asubuhi, sireni ya mine ikalia. Tata akaenda ku mur kwenye alitundika tena saa, akafungua kamulango na kidole, akavuta ndege inje.

"Lia basi."

Nilikuwa mu mulango ya cuisine. Nilitaka acheke tu, nikaita: "Kuku! Kuku!"

Hakugeuka.

"Acha," akasema. "Weye ulishaliaka kule kwao."