Siku Mzee Naftali Alipovaa Miwani

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Naftali wa Ilongero alichimba chake kwa mdomo. Alikuwa mzee wa kanisa, msomaji wa somo kila Jumapili, mtu asiyeonja hata togwa iliyochachuka. Lakini alikuwa na msemo mmoja alioupenda kuliko chakula: kuvaa miwani. Kwake mlevi hakuwa mlevi, alikuwa "amevaa miwani." Fulani hakutokea mazishini? Alivaa miwani. Fulani kaingia na baiskeli kwenye zizi la watu? Miwani hiyo! Na hakuishia kuusema, aliufafanua hata kwa asiyeuliza. "Unajua kwa nini ni miwani? Kwa sababu mtu akishalewa huona visivyokuwepo, na vilivyopo havioni." Kisha hucheka yeye kwanza, wengine wakamfuata kwa adabu.

Hata mkwe wake mtarajiwa, Yeremia wa Kiomboi, alipewa somo hilo alipokuja mara ya kwanza kumposea kijana wake Loyce, binti wa Naftali. Yeremia ni Mnyiramba, Naftali ni Mnyaturu, kwa hiyo wakakutana kwenye Kiswahili, na Naftali akaona hapo ndipo pa kuonyesha ufundi. Yeremia hakucheka. Pombe ya gongo ilikuwa imemuua mdogo wake, akasema wazi kwamba mwanawe hataoa kwenye nyumba yenye mlevi.

"Basi hapa umefika, mkwe," Naftali akajigamba. "Nyumba hii hakuna anayevaa miwani."

Yeremia akaahidi kurudi baada ya mavuno kumaliza maneno.

Sasa, shida ya Naftali ilikuwa macho. Herufi za Biblia zilikuwa zimegeuka siafu. Somo alisomewa na mkewe, Rahabu, Jumamosi hadi likamkaa kichwani, na Jumapili akafungua kitabu na kukitazama kwa heshima, siku nyingine kikiwa kichwa chini miguu juu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa na mnadani hakukosekani kitu: makoti ya Ulaya, viatu visivyo na wenzake. Siku moja muuza mitumba akamwaga kwenye turubai rundo la miwani zilizokwisha kutumika. Naftali akajaribu moja baada ya nyingine hadi akapata ya rangi ya waridi, pembe zimechongoka juu, bila shaka ya mama fulani wa Kizungu. Akaona hadi vinyweleo vya mkono wake! Akaondoka nayo usoni. Kitu cha kwanza alichokitazama kwa karibu nyumbani ni Rahabu. "Mama Loyce, kumbe umezeeka hivi!" Usiku huo alilala na njaa.

Miwani yenyewe ilikuwa ya kusomea, si ya kutembelea. Ardhi ilimpandia hadi magotini. Alama ya kwato ya ng'ombe aliiona shimo, akainua mguu juu na kukanyaga hewa. Lakini aivue? Thubutu! Alisema macho yatazoea tu.

Katika hali hiyo wageni wakamjia, tena siku moja kabla ya siku waliyotazamiwa. Yeremia na dada yake Dina walishuka kwenye lori la alizeti, Rahabu akawakaribisha uji.

"Mwenyewe yupo?" Yeremia akauliza.

"Yupo shambani, mkwe. Ila msishangae mkimwona. Siku hizi amevaa miwani."

Yeremia akaweka kikombe chini. "Amevaa miwani?"

"Tangu alipotoka mnadani. Haivui hata wakati wa kula. Namsihi, mtu mzima utaanguka bure, yeye ananiambia amechelewa tu kuianza."

"Mzee wa kanisa!" Dina akashika kifua.

"Na Jumapili anataka aende nayo madhabahuni," Rahabu akasema, akaenda zake jikoni kuongeza kuni.

Mara Naftali akatokea kule mbali kwenye mabua ya mtama. Alikuwa akinyanyua magoti kama anayevuka mto, akayumba, akasalimia kisiki. Kwa umbali ule uso wake haukuonekana, ila mwendo ulionekana vizuri mno. Yeremia akachukua fimbo yake.

Loyce alimkimbilia baba yake hadi shambani. "Baba, wageni wanaondoka! Umewafanya nini?" Analia. Kwa miwani ile Naftali aliona machozi ya mwanawe moja moja, na kiburi chote kikamwisha. Akatimua mbio.

"Mkwe! Ngojeni! Ni miwani tu, mkwe! Nimeianza juzi tu!"

Majirani waliokuwa wakivuna alizeti wakasimama kusikiliza.

"Unamsikia?" Yeremia akamwambia dada yake. "Anajitangaza mwenyewe."

Naftali akaingia mferejini mzimamzima. Hapo, udongo mdomoni, ndipo alipousikia msemo wake kama wenzake wanavyousikia. Mungu wangu! Akaivua miwani, akaifumbata, akakimbia moja kwa moja kama kijana hadi akawapata njiani.

"Mkwe, ninuse."

Yeremia hakuwa mtu wa mzaha. Akainama, akamnusa. "Mlenda," akasema. Akamwita Dina naye anuse. Mzee wa kanisa akasimama kinywa wazi kama ng'ombe wa mnada anayekaguliwa meno.

"Mlenda na vitunguu," Dina akakubali.

Naftali akafumbua mkono. "Miwani yenyewe ni hii."

Yeremia akaitazama. "Miwani... miwani?"

"Miwani miwani."

Yeremia akaivaa. Akatazama kiganja chake, akakileta karibu, kisha kwa kucha akachomoa mwiba kwenye kidole gumba. "Mwiba huu unanisumbua tangu juzi, nikadhani ni uzee." Akatoa Agano Jipya mfukoni mwa koti, akasoma kwa kunong'ona mstari baada ya mstari. Alipoinua uso alikuwa mtu mwingine kabisa. Wakarudi nyumbani, maneno yakaisha kabla uji haujapoa, na siku ya harusi ikapangwa.

"Miwani hii ni nzuri sana, mkwe," Yeremia akasema, bado ameivaa. Baadaye akasema tena. Mkwe akisifu kitu mara mbili unafanyaje? Jikoni Loyce alikuwa anaimba. "Chukua, mkwe," Naftali akasema. Moyo ulimuuma, jamani, tusidanganyane.

Kesho yake Yeremia akaondoka na pembe za waridi usoni, akinyanyua magoti juu, Dina kamshika mkono.

Jumapili Naftali akapanda mbele bila miwani, akasoma kwa kichwa kama kawaida yake. Lakini waliomwona mferejini na kumsikia akijitangaza walikuwa wamejaa kwenye mabenchi.

"Leo hayumbi," mmoja akanong'ona.

"Kaacha?"

"Kaacha!"

Neno likafika kwa mchungaji kabla ya sala. Mchungaji akainua mikono. "Tunakushukuru, Bwana, kwa ajili ya mzee wetu Naftali, aliyekuwa amevaa miwani na sasa ameivua."

Kanisa zima likashangilia. Naftali akafungua kinywa aeleze, akaona itambidi aanze na neno lile lile. Akasema amina, kwa sauti kuliko wote.