Giza la Kwa Swaleh

Nakumbuka Jumamosi moja alasiri, mwanangu, baba yangu alipoingia sinema akiwa na fimbo mkononi. Hakuja kutazama picha. Alikuja kunitoa nje mbele za watu, ili mji mzima wa Meru ujue kwamba binti wa M'Rinturi, mzee wa kanisa, hakulelewa ovyo. Keti vizuri nikusimulie, maana kisa hiki kina kona zake na mimi siku hizi sikimbii.

Ukumbi wenyewe bado upo, pale unapoteremka kuelekea Majengo. Tuliuita Kwa Swaleh, kwa jina la mwenyewe, mfanyabiashara mpole wa ndevu za hina aliyekuwa akinunua maziwa kwetu. Ulikuwa na kuta nene zisizo na dirisha hata moja, viti vya mbao vilivyopenda kuchana sketi za watu, na mlango mmoja wenye pazia zito. Uliingia saa nane mchana, jua likiwaka kwelikweli huko nje, na bado ukapapasa ukuta ndipo upate pa kukaa. Wasichana wa kanisani kwetu hawakuingia pale. Mimi niliingia, na mpaka leo sijaomba msamaha kwa hilo.

Lakini kwanza ujue hali ilikuwaje nyumbani. Ndugu yangu Murithi alikuwa amekufa kwa surua, ndiyo kwanza ameanza kuchunga mbuzi. Siku ya mazishi mama alipofungua kinywa alie, baba alimshika mkono, akamwambia mbele ya mchungaji na waumini wote kwamba nyumba ya mwamini haipigi mayowe. Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na watu walikuwa wakimtazama. Mama akafunga kinywa, na alipokifunga akakifunga kabisa. Alichuma kahawa, alipika, alichota maji, ila maneno yakamwisha. Akina mama wa kanisa walikuja kwa zamu kumfariji. Walimkalia mbele, magoti kwa magoti, wakamkodolea macho usoni na kumwambia, "Jikaze, mama Murithi." Naye akajikaza. Chakula alitupakulia sisi, chake akakirudisha chunguni. Nguo zikaanza kumpwaya. Mimi nilikuwa msichana wa shule na nilimwona anakwisha hivihivi, nikaogopa kwamba tutamzika na yeye. Nyumba ile ilinishinda. Ndiyo maana Jumamosi nilikuwa natorokea Kwa Swaleh.

Basi mtu wa kanisa akamnong'oneza baba, watu wa namna hiyo hawakosekani, na baba akashuka mjini na fimbo yake. Nilimwona alipofunua pazia, mwanga ukaingia naye. Pazia likarudi, na baba akapotea gizani kama sisi wengine. Nikasikia sauti ya Bwana Swaleh, taratibu, "Mzee, macho yako hayajazoea. Keti kidogo, yakizoea utamtafuta unayemtafuta." Kutoka nyuma watu wakaanza kunung'unika kwamba mzee anawaziba. Baba akaketi.

Siku hiyo ilikuwa picha ya kuchekesha, kijana mwembamba aliyeajiriwa kumwogesha punda ndani ya nyumba ya tajiri. Punda hataki. Punda anapanda kitandani, anakula mapazia, anamburuta kijana ngazini na povu lote. Ukumbi mzima ulikuwa unavunjika mbavu. Mimi peke yangu nilikaa kimya nikiusubiri mkono wa baba begani. Badala yake nikasikia sauti niliyoizoea kanisani ikipaa juu ya vicheko vyote, kwa Kimeru, "Mshike masikio! Punda hushikwa masikio!" Watu wakacheka zaidi, na baba mwenyewe akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Murithi atutoke.

Picha ilipoisha alinikuta mlangoni. Hakuniinulia fimbo. Tukapanda kilima kimyakimya, yeye mbele mimi nyuma, hadi kiwanda cha kahawa. Hapo akasimama.

"Karambu, lile giza hukaa muda gani?"

"Mpaka picha iishe, baba."

"Na humo ndani mtu hawezi kumwona mwenzake usoni?"

Nikamwambia hawezi. Akatikisa kichwa, akaendelea kupanda. Nami nilifikiri anatafuta la kuwaambia wazee wenzake ili ukumbi ufungwe.

Jumamosi iliyofuata alimwambia mama avae nguo ya kanisani, kuna mahali wanaenda mjini. Mama hakuuliza wapi, wakati huo hakuwa akiuliza kitu. Mimi nikaambiwa nifuatane nao. Tulipofika kwenye lile pazia mama alisita, akamtazama baba, na baba akamwambia tu, "Twende." Mzee wa kanisa kuingia sinema mchana kweupe na mke wake! Fikiria maneno aliyojua yatasemwa Jumapili. Tukaketi, baba katikati yetu. Akachukua kiondo cha mama, kikapu chake cha kusukwa, akakipakata yeye, ili mikono ya mama iwe huru.

Ilikuwa picha ileile ya punda. Watu walianza kucheka, vicheko vikawa vikubwa, na katikati ya vicheko hivyo nikasikia mtu anashusha pumzi kwa shida. Alikuwa mama. Alilia kwanza kidogokidogo, kisha akalia kwa sauti, kilio chote alichokizuia tangu kaburini, na kelele za ukumbi zikakimeza. Mbele yetu hakuna aliyegeuka. Nikainuka nimkumbatie. Nilitaka kumshika, nimfute machozi, nimwambie nyamaza mama. Baba akaninyooshea mkono, akanirudisha kitini.

"Karambu," alisema kwa sauti ya chini, "tazama picha."

Ilinikera, sikufichi. Niliona ni ukali wake uleule. Lakini nilipomtupia jicho, mwanga wa picha ukimmulika, nilimwona ameshikilia kile kiondo kwa mikono miwili, macho mbele, machozi yanamtiririka hadi kwenye ndevu. Hakumgeukia mama hata mara moja, wala hakusogea karibu naye. Alikaa tu pale mpaka picha ikaisha. Jioni ile nyumbani mama aliuliza kama kuna githeri iliyobaki. Akala sahani nzima, nasi tukajifanya hatuoni.

Jumapili kweli maneno yalisemwa. Baba alivuliwa uzee wa kanisa kwa muda, akakaa viti vya nyuma, na hakujitetea. Angejitetea, angelazimika kueleza machozi ya mama, na hayo hayakuwa yake kuyatangaza.

Miaka ikaenda. Video zikaja, kila baa ikawa na televisheni yake, na Bwana Swaleh akazeeka. Ukumbi ukafanywa ghala la mahindi na maharagwe. Baadaye ukakodiwa na kanisa, nao wakatoboa madirisha makubwa kila upande ili watu wasome Biblia, siwalaumu. Walipojenga kwao wakahama, wakabaki njiwa. Ndipo wajukuu wa Swaleh walipokubaliana na vijana fulani waufufue, na anayewaongoza hao vijana ni mjukuu wangu Kendi, aliyesomea ujenzi.

Na hapa, mwanangu, ndipo kisa kinaponiuma. Kendi ni mtoto wa binti yangu Makena, na Makena tulimzika juzijuzi, kazi ya ukumbi ikiwa imefika katikati. Siku hizi mazishi yana kamera. Kijana alisimama hatua mbili kutoka jeneza, anarusha kila kitu mtandaoni ili walioko ng'ambo waone, na kila mara aliirudisha kamera kwenye uso wa Kendi. Mtoto akaweka uso kama wa picha ya kitambulisho. Simu yake ikajaa jumbe, jikaze, jipe moyo, wewe ni jasiri. Asubuhi iliyofuata alivaa kofia yake ya ujenzi akaenda kazini. Akawa haongei ila simenti na rangi. Sahani yake jioni niliikuta ilivyo, na moyo wangu ukarudi kwenye nyumba ya baba.

Kwenye simu alinionyesha ukumbi utakavyokuwa. Ulikuwa mweupe kotekote, na yale madirisha ya kanisa ameyapanua zaidi, vioo mpaka chini, mahali pa kahawa, watu wanaonekana kutoka barabarani. Nikamwambia azibe madirisha.

"Shosho, watu siku hizi wanataka mwanga," akanijibu. "Nikiziba hapa patakuwa kama stoo. Nani ataingia?"

Mimi ni mwalimu mstaafu, nilifundisha watoto wa watu miaka mingi, na nikikataliwa naweza kuwa mkaidi kuliko yule punda. Siku ya pili nilienda pale ukumbini, nikageuza ndoo ya rangi nikaikalia, nikamwambia siondoki mpaka anisikilize. Nikamsimulia haya niliyokusimulia, fimbo, punda, kiondo na yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza alipangusa mikono kwenye suruali, akasema, "Nitaangalia, shosho," akarudi kwa mafundi wake. Nilirudi nyumbani nikijua sijafua dafu.

Kisha akaniita, Jumamosi, wanaenda kujaribu mashine ya kuonyeshea picha. Nilikuta madirisha yako palepale, makubwa. Lakini kila dirisha lilikuwa limewekewa milango ya mbao nzito, ya kufunga na kufungua, imepakwa rangi nyeusi upande wa ndani. Asubuhi mwanga wa wanywa kahawa, alasiri giza la picha. Hilo mimi sikuwa nimelifikiria hata kidogo, nilijua kuziba tu.

Fundi mmoja, kijana mwema anayeitwa Mwenda, alizunguka akifunga milango ile mmoja baada ya mwingine. Jua la saa nane likabaki nje. Tulikuwa watu wachache, mafundi na mimi, na Kendi akaja kukaa kando yangu. Picha ilikuwa ya kuchekesha, wameichagua wenyewe, sikuielewa vizuri, lakini mafundi walikuwa wanapiga mapaja kwa kucheka. Ndipo nikasikia pumzi ya Kendi ikishuka kwa shida. Nikaijua. Aliinama, mabega yakaanza kutikisika, akalia akimwita mama yake.

Mwenda alisikia. Kwa wema wake akainuka, akawasha taa ya simu, akatumulika. "Kendi, uko sawa?"

"Mwenda mwanangu," nilimwambia, "zima hiyo taa. Tazama picha."

Akazima akaketi. Nami nikatazama picha. Nilikuwa nimejipanga kuwa imara, kwa sababu wote waliniambia Kendi ananitegemea, shosho jikaze kwa ajili ya mtoto. Lakini Makena alikuwa mtoto wangu, nilimnyonyesha mimi. Katika giza lile nililia kama sijawahi kulia, mdomo wazi, bila kitambaa. Na katikati ya kulia nikahisi kiondo changu kinaondoka mapajani taratibu. Kendi alikuwa amekichukua, akakipakata yeye, macho yake mbele kwenye picha. Hakunigeukia.

Jioni tulikula wote wawili.

Sasa sikiliza ninachotaka ubaki nacho, mwanangu. Ukipewa nyumba ya zamani uifufue, usianze na rangi. Tafuta waliowahi kuketi ndani yake, uwaulize walikuwa wanakwenda kufanya nini, kisha jenga kwa akili yako ya leo, kama Kendi alivyofanya na milango yake. Na ukimwona mtu amefiwa, usimmulike. Usimkalie mbele ukamwambia ajikaze, usimpige picha, usimdai machozi wala usimkataze. Mtafutie mahali pasipo macho ya watu, ukae kando yake hata kama utasemwa, umshikie alichobeba, na wewe utazame mbele.

Mungu akujalie macho ya kuona wanaokwisha kimyakimya nyumbani mwako. Akupe mkono wa kubeba mizigo yao bila kutangaza. Na siku yako ya kulia itakapofika, kwa maana itafika, akuwekee kando yako mtu wa kukipakata kiondo chako mpaka picha iishe.