Samli Yetu ya Manjano

Usinibishie, siyo manjano yaliyomchubua yule mama! Nilijaribu mwenyewe nyumbani Mabatini: samli tupu ilichacha upesi, ila ile niliyochemsha na manjano ilikaa miezi bila kunuka, na ngozi ikaipenda. Ndiyo tukaanza kuiuza ya kujipaka, mimi na rafiki yangu. Kwa hiyo mteja wetu, mama huyo, alipokuja toka Kisesa na mashavu yamebabuka, nilimwakia. "Shikamoo mama, lakini rafiki yangu hawezi kukosea!" Huyo rafiki ndiye aliyekuwa anajaza vikopo vya kuuza. Kumbe alikuwa anachanganyia krimu ya kujichubua. Siku nilipomfuma nayo, akacheka: "Shoga, watu wanataka weupe, siyo samli ya Kisukuma." Na mimi yule mama nilishamfukuza mbele za watu, kwa kumtetea huyu. Ungekuwa wewe, Kisesa ungeenda kusema nini?